Diski ngapi zinatosha ukiwa Mtwara?

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mvua zake zilivunja madaraja na kumega barabara eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na kwa siku kadhaa magari yanayotoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara yalikosa pa kupita. Wiki iliyofuata, Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za intaneti zinazolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikabaki na intaneti ya kusuasua.

Iweke ndani ya mwezi huo ofisi yoyote ya Mtwara yenye seva ndogo: chama cha msingi cha wakulima wa korosho, kituo cha redio, studio ya picha za harusi, shule ya sekondari. Diski moja inakufa. Ya kuibadili iko Kariakoo, zaidi ya kilomita 550, na basi linalobeba mizigo halipiti. Nakala ya mafaili iliyohifadhiwa mtandaoni haishuki, au inashuka kwa mwendo wa kukatisha tamaa. Kilichobaki cha kutegemea ni vyuma vilivyomo ndani ya chumba hicho hicho. Ndiyo maana mtu akiniuliza aweke diski ngapi kwenye RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi pamoja kama moja, swali langu la kwanza kwake ni hili: ukiagiza diski leo, utaishika mkononi lini?

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kujibu kwamba ataishika kabla ya jua kuzama. Wa Mtwara mjini atasema kesho kutwa, mambo yakienda vizuri. Aliyeko Msimbati au Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma, ataongeza siku. Kadiri siku zinavyoongezeka ndivyo mpangilio unavyobadilika, na kwa pwani yetu nasema hivi: anza kuhesabu diski ambazo hazimo kwenye kasha la seva. Moja iwe ya akiba, mpya, imelala kabatini. Mbili ziwe za nakala rudufu, zikipokezana, na wakati wote moja kati ya hizo mbili iwe nje ya jengo. Pesa ikibaki baada ya hizo tatu ndipo tukae tujadili za ndani.

Najua ushauri huu unawaudhi wengi. Mtu ana bajeti ya diski tano, ameshaona kasha lenye nafasi tano, na anataka nafasi zote zijae. Nafasi iliyo tupu inamuuma. Lakini diski tano zote ndani ya kasha moja, kwenye chumba kimoja, kwenye soketi moja ya umeme, ni mali yote kwenye mtumbwi mmoja. Bora mbili ndani na tatu nje.

Tukumbuke RAID iliundwa kwa kazi gani. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala wakionyesha kwamba diski nyingi za bei nafuu zikifungwa pamoja zinaweza kufanya kazi ya diski moja kubwa ya bei mbaya. Wenyewe walilitaja tatizo la mpango huo: ukiwa na diski nyingi, moja itakufa mapema tu. Kwa hiyo wakaeleza njia za kuhifadhi taarifa ya ziada ili kilichokuwa kwenye diski iliyokufa kiweze kukokotolewa kutoka kwenye zilizobaki. Faida yake ni kwamba kazi haisimami. Karani anaendelea kuandika stakabadhi za korosho huku fundi akitafuta diski nyingine.

Hapo ndipo kazi yake inapoishia. Ukifuta faili kwa makosa, linafutika kwenye diski zote kwa sekunde ile ile. Kirusi kinachofunga mafaili kitayafunga yote. Mwizi anabeba kasha zima. Radi ikipitia kwenye waya inaweza kuzichoma diski zote kwa pigo moja. Hakuna idadi ya diski ndani ya kasha inayotibu hayo, hata ziwe kumi na mbili. Yanatibiwa na ile nakala iliyoko nje ya jengo.

Tuje kwenye idadi yenyewe. Tuseme unahitaji nafasi ya terabaiti 8. Unaweza kuipata kwa diski mbili za terabaiti 8 zikiwa pacha, yaani RAID 1, ambapo kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Unaweza kuipata kwa diski tatu za terabaiti 4 kwenye RAID 5, ambayo inatenga nafasi ya diski moja kwa taarifa ya ziada na kuvumilia kifo cha moja. Unaweza pia kutumia nne za terabaiti 4 kwenye RAID 6, ambayo inatenga nafasi ya mbili na kuvumilia vifo viwili vyovyote, au hizo hizo nne kwenye RAID 10, ambazo ni jozi mbili za pacha. Nafasi ni ile ile katika njia zote nne. Tofauti iko kwenye mara ngapi utasumbuliwa, na siku ya kusumbuliwa utakuwa umebakiwa na nini.

Kusumbuliwa kunaongezeka na idadi. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, yenye diski mamia ya maelfu, hutangaza takwimu zake kila mwaka, na katika miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba kati ya asilimia 1 na 2 ya diski zote hufa kwa mwaka. Hizo ni diski zilizo kwenye vyumba vyenye umeme usiokatika na hewa inayodhibitiwa. Kwetu tukadirie juu zaidi, tuseme asilimia 3. Ukiwa na diski mbili, uwezekano wa kupata angalau msiba mmoja ndani ya mwaka ni karibu asilimia 6. Nne, asilimia 11. Nane, asilimia 22. Kasha la diski nane maana yake ni kwamba ndani ya miaka mitano unapaswa kutarajia kubadili diski, tena huenda zaidi ya mara moja. Mwenye duka la diski jirani hilo halimtishi. Mtu wa Mtwara linapaswa kumfanya apende diski chache na kubwa kuliko nyingi na ndogo.

Sasa tazama siku yenyewe ya msiba. Umechomeka diski mpya na kasha limeanza kuijaza. Diski ya terabaiti 8 ikijazwa kwa megabaiti 200 kila sekunde bila kupumzika inachukua zaidi ya saa 11. Ofisi ikiwa inaendelea na kazi, hesabu siku nzima au zaidi. Katika saa hizo diski zilizobaki zinasomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, zote pamoja, zikiwa na joto, na zote zina umri sawa na ile iliyokufa. Kwenye RAID 5 hakuna kinga tena wakati huo. Diski nyingi za kawaida zinauzwa kwa ahadi ya mtengenezaji kwamba kosa la kusoma lisilorekebishika halitazidi moja katika biti 10 kwa kipeo cha 14, ambazo ni kama terabaiti 12.5. RAID 5 ya diski nne za terabaiti 8 inalazimika kusoma terabaiti 24 ili kuijaza moja. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini mimi siweki kumbukumbu za chama cha wakulima juu ya matumaini ya namna hiyo. Kwa diski za terabaiti 4 na zaidi, RAID 5 katika Mtwara siishauri. Kwa pacha mbili, kinachosomwa ni diski moja tu iliyobaki, na kazi ni kunakili moja kwa moja.

Ndipo umbali unapoingia kwa nguvu. Muda wa hatari hauanzi diski mpya inapochomekwa. Unaanza ile ya zamani inapokufa. Kama diski ya kubadili iko kabatini, muda huo ni siku moja. Kama ni ya kuagizwa, ni siku nne, na Mei 2024 ungekuwa mrefu kuliko hapo. Diski moja ya akiba kabatini inafupisha hatari kuliko diski mbili za ziada ndani ya kasha, na haitumii umeme wala haichakai kwa kuzunguka. Inunuliwe siku ile ile unaponunua za ndani, ijaribiwe kwa kuandikwa na kusomwa yote mara moja, kisha irudi kwenye mfuko wake na vifuko vya kunyonya unyevu.

Unyevu nitaukalia kidogo, maana hapa pwani ndio adui anayesahaulika. Watu wanaogopa joto. Mwaka 2016 watafiti wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Rutgers walitoa matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya milioni moja katika vituo tisa vya data, na walichokiona ni kwamba unyevu wa hewa ulihusiana na vifo vya diski kuliko joto lilivyohusiana. Kilichokuwa kikiharibika zaidi ni sehemu za umeme za diski, zile kontrola na viungio vyake. Ongeza chumvi ya bahari juu ya unyevu huo na utaelewa kwa nini kompyuta ya Shangani au Mikindani, inayokaa karibu na dirisha la upande wa baharini, unaifungua na kukuta kutu kwenye skrubu. Feni ya kasha kazi yake ni kuvuta hewa, na ikivuta hewa ya bahari inaipitisha juu ya kila kiungio.

Kwa hiyo kabla ya kununua diski ya tatu, tafuta chumba. Kiwe cha ndani, kisicho na dirisha la baharini, mlango unaofungika. Kipimo cha unyevu ni kifaa cha bei ndogo. Kiweke pale kasha litakapokaa ukisome asubuhi na usiku kwa wiki moja. Kikisimama juu ya asilimia 70 siku zote, kiyoyozi kidogo au mashine ya kukausha hewa ni matumizi bora kuliko diski nyingine. Na usiwashe kiyoyozi mchana tu kisha ukazima usiku, kwa sababu hewa yenye unyevu ikirudi juu ya chuma kilichopoa inaacha maji.

Umeme nao una neno kwenye hesabu. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi ziliwaka kwa mitambo ya Mtwara inayotumia gesi ya Ghuba ya Mnazi, nje ya Gridi ya Taifa, na mtambo mmoja ukilegea hapakuwa na jirani wa kukopesha. Wenyeji wanajua maana yake kwa jokofu na kwa televisheni. Kwa RAID 5 na RAID 6 maana yake ni mbaya zaidi: umeme ukikatika katikati ya kuandika, data inaweza kuwa imeandikwa na taarifa yake ya ziada haijaandikwa, na ukokotoaji wa baadaye ukatoa uongo. Mfumo wa mafaili wa ZFS umeundwa kuepuka jambo hilo, lakini UPS, ile betri inayoshika umeme unapokatika, haina mbadala, na iunganishwe na kasha kwa waya wa USB ili kasha lijizime lenyewe kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Diski moja ya inchi 3.5 hula wati 5 hadi 10 ikizunguka, na inapoanza kuzunguka huvuta mara mbili au tatu ya hapo. Kasha la diski mbili linabebwa na UPS ndogo ya dukani. La nane linataka UPS kubwa, na betri zake pia ni za kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Hiyo nayo ni gharama ya idadi.

Kwa studio ya picha, shule, au chama cha msingi chenye data isiyozidi terabaiti 8, ushauri wangu ni mmoja: mbili pacha ndani, moja kabatini, mbili za nakala. Jumla tano. Sioni sababu ya kuzidisha. Chama cha msingi chenye daftari za wakulima, mizani na malipo ya minada, kina data ndogo kwa ukubwa, pengine haifiki hata terabaiti moja, ila ni nzito kwa uzito wake, kwa sababu mkulima aliyepeleka gunia ghalani na jina lake halionekani atalala na njaa. Hapo diski za terabaiti 2 zinatosha kabisa, na msimu unapoanza Oktoba nakala ya nje ibadilishwe kila siku ya mnada badala ya kila wiki.

Kituo cha redio ni habari nyingine. Kituo kilichokusanya kwa miaka sauti za wazee wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao, ngoma za jando, masimulizi ya kuvuka Ruvuma wakati wa vita ya ukombozi wa Msumbiji, kina kitu ambacho hakirudiwi. Mzee aliyesimulia huenda ameshazikwa. Sauti hazili nafasi kubwa: saa moja ya rekodi ya ubora wa CD ni kama megabaiti 635, kwa hiyo saa elfu moja hazifiki terabaiti moja. Kwa hazina hiyo siongezi diski ndani ya kasha hata moja. Naongeza nakala. Moja iende mbali kabisa na bahari, Newala juu ya uwanda wa Makonde au Masasi, kwa taasisi au ndugu anayeaminika, ikiwa imefungwa kwa nenosiri. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita jirani kabisa, kikapiga Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma, na watu wa Mtwara walikuwa wameambiwa wahame maeneo ya hatari. Kingeelekea kaskazini kidogo tu, jengo na kabati lake na diski zake vingekuwa kitu kimoja.

Wenye haki ya kuuliza kuhusu diski nyingi ni wale wa video na wa utafiti. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na anayepiga video za matumbawe, kasa na mikoko ya pale anajaza terabaiti haraka. Thamani ya picha hizo ni mfululizo wake: tumbawe lilivyokuwa kabla ya maji kupata joto na lilivyo baada yake. Huwezi kurudi nyuma kulipiga picha. Kwa kazi kama hiyo, data ikizidi kile diski moja kubwa inaweza kubeba, nenda kwenye nne kwa RAID 6. Wapo watakaokwambia RAID 10 kwa sababu ina kasi na hujazwa upya haraka, na ni kweli. Lakini kwenye RAID 10 ya diski nne, moja ikishakufa, kuna moja kati ya tatu zilizobaki ambayo ikifuata umepoteza vyote. RAID 6 inavumilia mbili zozote, na kwa mtu ambaye barabara yake inaweza kukatika Somanga, hicho ndicho kitu cha kununua. Sita kwa RAID 6 zinakupa nafasi ya nne. Zaidi ya nane kwenye kasha moja, huku kusini, napinga. Aliyefika huko anahitaji kasha la pili kwenye jengo la pili.

Usitegemee intaneti ikurudishie vyote. Terabaiti 4 kwa mwendo wa megabiti 10 kila sekunde zinachukua siku 37 usiku na mchana. Hifadhi ya mtandaoni ni nzuri kwa daftari, mikataba na hati. Kwa video, nakala inayosafiri kwenye begi kwa basi la kwenda Masasi inafika kwanza.

Kwenye kununua kuna mambo mawili. La kwanza, usinunue zote kutoka boksi moja. Diski za siku moja ya kiwandani zenye kasoro hushiriki kasoro hiyo, na hufa kwa kufuatana. Chukua mbili duka hili, moja duka lile, hata kama ni chapa moja. La pili, uliza kama diski inaandika kwa njia ya CMR au SMR. Kwenye SMR, tofauti na CMR, mistari ya kuandikia imepandana, hivyo kuubadili mmoja kunalazimisha kuandika upya na ya jirani, na kujaza diski ya aina hiyo ndani ya RAID kunaweza kuchukua siku nyingi badala ya saa. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizouzwa kwa ajili ya makasha haya haya, zilikuwa za SMR. Muuzaji asipojua, tafuta namba ya modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kulipa. Diski za mtumba nazo, hata bei ikivutia vipi, soma kwanza taarifa zake za SMART: saa ilizowashwa na idadi ya sehemu mbovu zilizohamishwa. Sehemu mbovu zikiwepo, iache.

Kasha likishafungwa, kabla hujaweka faili lolote la maana, fanya zoezi. Weka mafaili ya majaribio, chomoa diski moja wakati kasha linafanya kazi, kama limeundwa kuruhusu hivyo, uone kama linakutumia ujumbe na kama mafaili bado yanafunguka. Kisha chomeka ile ya akiba na upime saa inazochukua kujaa. Namba utakayoipata ndiyo ya kwako, na ina thamani kuliko jedwali lolote. Baada ya hapo panga kasha lisome diski zote lenyewe mara moja kwa mwezi, usiku, ili sehemu mbovu zigunduliwe wakati bado kuna nakala nzima ya kuzirekebishia.

Jambo la mwisho linachukua dakika kumi na watu hawalifanyi. Kila diski ina namba yake iliyochapwa kwenye lebo, ambayo ikishaingia kwenye kasha haionekani tena. Iandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta na ukibandike mbele ya nafasi yake, kisha piga picha na uihifadhi kwenye simu. Siku programu itakapokwambia kwamba diski fulani imekufa, itakutajia namba hiyo, na mtu atakayekuwa pale anaweza kuwa kijana wa zamu wakati wewe uko Tandahimba. Akichomoa nzima badala ya mbovu kwenye kasha la pacha, hakuna kilichobaki cha kusoma. Akiwa na plasta mbele yake, mwambie kwa simu akusomee namba herufi kwa herufi kabla hajagusa kitu.